Mtoto Anyonye Mapema, Anyonye Vizuri

Mazungumzo kwa akina mama, waume na nyanya wanaofika kliniki za wajawazito na watoto, Kaunti ya Nyeri



Baridi ya Nyeri mwezi wa Julai kila mtu anaijua. Mtoto aliyezaliwa leo bado hawezi kujitunzia joto, ndiyo maana muuguzi humlaza kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, akawafunika wote wawili. Hapo hapo, ndani ya saa moja, aanze kunyonya. Yale maziwa mazito ya manjano, dang'a, si machafu wala si ya kumwagwa. Ni kinga yake ya kwanza. Hutoka machache kwa kuwa tumbo lenyewe siku hiyo hujazwa na kiasi cha kijiko cha chai.

Shida huanza siku ya pili au ya tatu. Mtoto analia, chuchu zinauma, na mtu mzima nyumbani anasema, "Hashibi huyu, mpeni maji ya glukosi." Mara nyingi maziwa yapo, kasoro ni jinsi anavyoshika titi. Mama aketi ameegemea vizuri, tumbo la mtoto liguse lake, kichwa na mwili vinyooke. Amguse mdomo kwa chuchu, angoje kinywa kipanuke kama anayepiga miayo, ndipo amvute kwake. Mtoto ndiye huletwa kwenye titi. Kidevu kiguse titi, mdomo wa chini upinduke nje, na sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu iingie kinywani. Akishika chuchu pekee, itapasuka naye hatashiba. Ikiuma, mama atie kidole kisafi pembeni mwa mdomo wake, amwachishe, aanze upya. Hata mara tano si neno.

Njahi na uji ni chakula kizuri cha mzazi. Nyanya waendelee kupika. Lakini kinachoita maziwa ni kunyonya kwenyewe, mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku pia. Maji yakiingia hapo katikati, mtoto hunyonya kidogo na maziwa hupungua. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kuwa watoto 60 kwa kila 100 walio chini ya miezi 6 hupewa maziwa ya mama pekee. Hao 40 waliobaki si wachache.

Kuanzia siku ya tano, mtoto anayeshiba hulowesha nepi 6 au zaidi kwa siku. Akilala tu bila kuamka kunyonya, nepi zikiwa kavu, au macho yakigeuka manjano, apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo, usiku au mchana.

Mama anayeishi na virusi vya ukimwi naye hunyonyesha, mradi anameza dawa zake kila siku bila kukosa.

Aliyeajiriwa ana likizo ya miezi 3 yenye malipo, na Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyesha. Mchuuzi wa soko la Karatina hana mwajiri wa kumdai. Huyo akamue kwenye kikombe safi chenye kifuniko kabla ya kutoka. Maziwa hayo hukaa saa 4 mahali penye ubaridi, na mtoto anyweshwe kwa kikombe, si kwa chupa. Saa sita mchana, baba au shangazi amlete sokoni anyonye.