Milima ya Nyandarua na Kikao cha Washairi wa Wales

Mtu asimamaye mjini Nyeri asubuhi isiyo na mawingu huona milima pande mbili. Upande mmoja ni Mlima Kenya, ambao Wakikuyu huuita Kirinyaga. Upande wa magharibi ni safu ndefu ya Nyandarua, na kilele chake kirefu kabisa, Satima, chafika mita 4,001. Jina la Nyandarua huelezwa na wazee kuwa ni ngozi iliyoanikwa, kwa sababu ya mikunjo ya milima hiyo. Lakini katika ramani nyingi safu hiyo huandikwa Aberdare, na jina hilo lilitoka mbali sana.

Katika miaka ya 1883 na 1884 Joseph Thomson, kijana kutoka Scotland, alisafiri katika nchi ya Wamasai kwa gharama ya Chama cha Jiografia cha Uingereza. Rais wa chama hicho alikuwa Henry Bruce, yaani Lord Aberdare, naye Thomson akaipa milima ile jina la bwana huyo. Lord Aberdare mwenyewe hakufika Nyeri. Cheo chake alikipata kwa jina la mji wa kwao huko Wales, mji wa wachimba makaa ya mawe, na maana ya jina la mji ni mahali mto Dar unapoingia katika mto mwingine. Basi jina la kijito cha Wales limepandishwa juu ya milima yenye ndovu na mianzi, na wenye mito hawakuulizwa.

Watu wa Wales ni wa kabila la Wakelti, pamoja na watu wa Ireland, wenyeji wa milima ya Scotland, na watu wa Brittany katika Ufaransa. Lugha zao si Kiingereza, wala hazifanani nacho. Watu hao wana desturi ya kukutana kila mwaka katika sikukuu ya nyimbo na mashairi. Waskoti walianza yao, iitwayo Mòd, katika mji wa Oban mwaka wa 1892. Ya Wales huitwa Eisteddfod, na maana ya neno hilo ni kikao, kama vile Waswahili walivyochukua neno baraza, mahali pa kukalia, wakaliita kwalo kusanyiko la watu.

Kikao cha kwanza kinachokumbukwa kilifanywa mwaka wa 1176 katika ngome ya Cardigan. Mtawala aliyekiitisha, Rhys, aliweka viti viwili, kimoja cha mshairi atakayeshinda na kimoja cha mpiga muziki. Baada ya karne nyingi desturi ilififia, ikafufuliwa, na mwaka wa 1861 kikafanywa kikao cha kwanza cha taifa zima. Mahali palipochaguliwa ni mji ule ule wa Aberdare. Upepo mkali uliangusha hema kubwa lililokuwa limejengwa, watu wakahamia katika jengo la soko, wakaimba humo.

Yafaa kusema kweli hapa. Majoho ya makasisi wa mashairi wanayovaa wakuu wa sherehe, na duara la mawe wanamosimama, si vya zamani kama wageni wanavyodhani. Vilibuniwa na mwashi mmoja aliyekuwa mshairi, Edward Williams, ambaye aliita kusanyiko lake la kwanza mjini London mwaka wa 1792. Alidai kwamba ni mambo ya kale, na watu wakamsadiki. Leo vina zaidi ya miaka 200, na huenda hiyo yatosha kuitwa desturi.

Mashindano yenyewe huendeshwa hivi. Mshairi hupeleka shairi lake kwa jina la kubuni, ili waamuzi wasimjue. Siku ya kutangaza, jina lile la kubuni husomwa mbele ya maelfu ya watu, tarumbeta hupigwa, na mwenye jina huinuka alipoketi. Hapo ndipo watu wanapomjua. Huongozwa mpaka jukwaani, upanga huchomolewa nusu juu yake, na mkuu wa sherehe huuliza mara tatu kama kuna amani. Watu wote hujibu kwamba iko, upanga hurudishwa alani, naye mshindi huketishwa katika kiti kilichochongwa kwa ajili ya mwaka huo.

Tarehe 6 Septemba 1917, katika mji wa Birkenhead, jina la kubuni liliitwa na hakuna aliyeinuka. Likaitwa tena, kimya. Mshindi alikuwa mchunga kondoo aitwaye Ellis Evans, maarufu kwa jina la Hedd Wyn, na alikuwa ameuawa vitani Ubelgiji tarehe 31 Julai. Kiti kikafunikwa kitambaa cheusi, kikapelekwa shambani kwa wazazi wake. Katika vita hivyo hivyo vijana wengi wa Nyeri na Murang'a walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, wengi wao wasirudi.

Kwa nini watu wa Wales walishikilia sana kikao hiki? Sababu moja ni shule. Mwaka wa 1847 maofisa wa serikali waliandika taarifa wakisema lugha ya Wales ni kizuizi cha maendeleo. Katika baadhi ya shule mtoto aliyesikika akisema lugha ya mamaye alivikwa kibao shingoni. Kibao kilipita kutoka mtoto hadi mtoto, na aliyekuwa nacho jioni alipigwa. Msikilizaji wa Kenya hana haja ya kufafanuliwa. Ngugi wa Thiong'o, aliyefariki mwaka wa 2025, aliandika mwaka wa 1986 kwamba katika siku zake za shule mtoto aliyekamatwa akisema Kikuyu alipigwa au kuvishwa bamba lenye maneno ya kumdhihaki. Kibao ni kile kile, bara tofauti.

Tangu mwaka wa 1950 mashindano ya kikao cha taifa hufanywa kwa Kiwelisi peke yake. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2021 ilionyesha kwamba wasemao lugha hiyo Wales ni kama 538,000, yaani chini ya mtu mmoja katika watano. Ni wachache kuliko zamani, lakini mshairi wao bado ana kiti.

Huku Nyeri Wakelti waliacha alama kadhaa. Waskoti walijenga misheni na hospitali ya Tumutumu, karibu na Karatina, mwaka wa 1909. Hata ngoma ya mwomboko, ambayo vijana waliicheza wawili wawili katika miaka ya 1940 kwa kodiani na pete ya chuma, huelezwa kuwa ilitwaa baadhi ya hatua zake katika dansi za Wazungu, za Waskoti zikiwamo. Wakikuyu waliitia maneno yao na maringo yao, na leo huhesabiwa kuwa ngoma ya wazee.

Lakini kilicho jirani hasa na kile kiti cha Wales ni gicandi. Hiki ni kibuyu chenye mbegu ndani na alama zilizochongwa nje. Mwimbaji alikwenda nacho sokoni, akakitikisa, akaimba shairi refu la mafumbo. Akitokea mwingine mwenye kibuyu, walishindana kwa kuulizana na kujibizana, watu wakiwazunguka. Aliyeshindwa kufumbua alinyang'anywa kibuyu chake na mshindi, akarudi nyumbani mikono mitupu.

Padri Merlo Pick wa shirika la Consolata aliandika mafumbo na shairi hilo katika kitabu kilichochapishwa mwaka wa 1973. Wakati huo waimbaji walikwisha kuwa wachache. Vibuyu kadhaa vimewekwa katika majumba ya makumbusho, navyo alama zake zaonekana vizuri. Mbegu bado zimo ndani.