Tarehe Hiyo Ni Fedha

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi)



Wazee watatu wa tawi letu wametuuliza juu ya watoto wao waliokwenda Marekani, wakaandikwa jeshini huko, na sasa wametoka na maumivu: huyu goti, yule masikio. Tuliwajibu mmoja mmoja. Leo twawajibu nyote.

Marekani humlipa askari wa zamani fidia ya kila mwezi kwa ulemavu uliotokana na utumishi wake, hata akirudi kukaa Kenya. Lakini fedha hazihesabiwi tangu siku ya kuumia. Akidai kabla ya kutimiza mwaka tangu kutoka jeshini, huweza kuhesabiwa tangu siku iliyofuata kutoka kwake. Akichelewa zaidi, huhesabiwa tangu madai yalipopokewa.

Vijana wengi husema, "Nangoja karatasi za daktari kwanza." Hapo ndipo fedha zinapopotea! Tangu Machi 2015 iko taarifa ya nia ya kudai, fomu 21-0966. Haitaki kutaja ugonjwa wala barua ya daktari, na haina ada. Hata kwa simu hupokewa. Taarifa hiyo hushika tarehe, na mwenyewe hupata mwaka mzima wa kukusanya ushahidi. Sisi tuliozoea kesi za fidia za hapa twajua kwamba karani huamini muhuri wa tarehe kuliko machozi.

Tuseme taarifa imepokewa 10 Machi 2024, madai kamili yakafika 3 Februari 2025, na jibu likatoka Agosti. Akikubaliwa, maadamu ulemavu ulikuwapo tangu mwanzo, haki yake yahesabiwa tangu 10 Machi 2024, na fedha zaanza 1 Aprili mwaka huo. Lakini madai yakifika 12 Machi 2025, mwaka umekwisha pita, na fedha za miezi kumi na miwili zimekwenda na maji.

Tena jihadharini: taarifa moja hulinda madai kamili ya kwanza tu. Akipeleka ya masikio leo, na ya goti baada ya miezi mitano, goti halina kinga ile. Basi ayapeleke pamoja.

Mzee mwenye mtoto wa namna hiyo amwandikie usiku huu huu, amwambie aweke nakala ya taarifa yake. Asiyeweza kuandika na aje ofisini Jumamosi asubuhi, tutaiandika naye.