Apumzike Mgeni, Tufanye Kazi Sisi: Sabato na Watu Waliokimbia Makwao

Mada kwa semina ya wazee wa kanisa, mashemasi na viongozi wa Dorkasi na vijana kutoka Musoma, Bunda na Butiama

1. Utangulizi



Nimeombwa nieleze namna kanisa linaloshika Sabato linavyoweza kuitumia siku hiyo kuwasaidia watu waliokimbia makwao. Nitaanza na waliokimbia hapa kwetu na amri yenyewe, kisha nitapitia kwa Wayahudi, maana wameishika siku hii kabla yetu na kazi hii wamekwisha kuifanya kwa mpango. Mwishoni nitarudi hapa nyumbani.

Hoja yangu ni moja, na naisema mapema ili atakayesinzia baada ya chai asiikose: siku ya Sabato apumzike mgeni, na Jumapili tufanye kazi sisi. Mara nyingi tunafanya kinyume. Sabato tunamsimamisha mgeni mbele ya kipaza sauti atusimulie machungu yake, tunalia naye, tunatoa sadaka. Kukicha Jumapili kila mtu yuko shambani au mwaloni na hakuna anayejua yule mgeni amelala wapi.

2. Hapa kwetu nani amekimbia?

Mkoa wa Mara hauna kambi ya wakimbizi. Wakimbizi wanaotambuliwa na Sheria ya Wakimbizi ya 1998, hasa kutoka Burundi na Kongo, wamekuwa wakihifadhiwa mkoani Kigoma, katika kambi kama Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996. Kwao, sehemu yetu ni maombi na michango inayopitia vyombo vyenye kibali cha kuingia kambini. Hata hivyo tusiseme jambo hili halituhusu. Mwana wa Butiama, Mwalimu Julius Nyerere, alitunukiwa Nishani ya Nansen mwaka 1983 kwa jinsi Tanzania chini yake ilivyowapokea wakimbizi. Mwaka 2014 nchi hii iliwapa uraia zaidi ya watu 160,000 kati ya Warundi waliokimbilia hapa kuanzia 1972 na watoto wao. Urithi huo umetoka kijiji ambacho wengine wenu mmekipita asubuhi hii mkija semina.

Lakini wapo waliokimbia makwao bila kuvuka mpaka wowote. Wanatembea usiku, wengine peku, kutoka kijiji kimoja hadi kingine ndani ya mkoa huu. Ni wasichana wanaokimbia kukeketwa na kuozwa. Takwimu za afya za taifa za 2015–16 zilionyesha kuwa asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Za 2022 zilionyesha asilimia 28, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 8. Sheria ilikwisha kusema tangu 1998, katika Sheria ya Makosa ya Kujamiiana: anayemkeketa binti wa chini ya miaka 18 aliye chini ya uangalizi wake anastahili kifungo cha miaka 5 hadi 15. Msimu wa ukeketaji nao tunaujua. Shule zinapofungwa mwishoni mwa mwaka, hasa katika miaka shufwa, ngoma zinaanza na mabinti wanaanza kukimbia.

Wanakimbilia wapi? Kiabakari, wilayani Butiama, na Mugumu, wilayani Serengeti, ziko nyumba salama za shirika la Hope for Girls and Women Tanzania, lililoanzishwa na Rhobi Samwelly. Masanga, Tarime, kiko kituo cha masista wa Kikatoliki. Musoma mjini kipo kituo cha Jipe Moyo. Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Mara, nalo limefanya kazi hii Mugumu. Ndugu zangu, tuliletewa Sabato kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, wamisionari wa Kijerumani walipofungua vituo Majita, Ikizu na kwingineko katika eneo hili la Ziwa Victoria. Kwa wingi wetu na ukongwe wetu katika mkoa huu, tungetarajiwa kuwa mstari wa mbele.

3. Mgeni yumo ndani ya amri

Fungueni Kutoka 20:10. Amri ya nne inataja watakaopumzika: wewe, mwanao, binti yako, watumishi wako, mifugo yako, na mwisho mgeni aliye malangoni mwako. Kutoka 23:12 inarudia habari ya mgeni, kwamba siku ya saba ipo ili naye apate nafuu. Kumbukumbu la Torati 5 inaongeza sababu: Waisraeli wenyewe walikuwa watumwa Misri, wakatolewa. Na Isaya 58, sura tunayoipenda tunapohubiri Sabato katika aya zake za mwisho, katika aya ya 7 inazungumzia kumkaribisha nyumbani maskini asiye na makao. Tukisoma 13 na 14 tukairuka 7, tumesoma nusu ya mahubiri ya nabii.

Angalieni amri inampa mgeni kitu gani. Inampa pumziko. Haikusema asimame akatoe ushuhuda. Haikusema apange foleni apigwe picha akiwa ameshika sabuni na mfuko wa sukari. Mtoto aliyekimbia usiku, akaacha mama na wadogo zake, anahitaji kwanza mahali ambapo hakuna atakayemwuliza swali lolote.

4. Wayahudi wanafanyaje?

Shirika la Kiyahudi la HIAS lilianza New York zaidi ya miaka 100 iliyopita kuwapokea Wayahudi waliokimbia mateso Ulaya Mashariki. Leo linawahudumia wakimbizi wa dini zote, na hapa jirani limefanya kazi Nairobi. Mwaka 2018 liliyaomba masinagogi ya Marekani yatenge Sabato moja kwa ajili ya wakimbizi, tarehe 19 na 20 Oktoba. Sabato hiyo haikuchaguliwa ovyo. Wayahudi husoma Torati kwa mafungu ya kila juma, na fungu la juma lile lilianza Mwanzo 12, Ibrahimu anapoambiwa aiache nchi yake na jamaa zake.

Ratiba ya Sabato kama hiyo inaweza kufuata mwendo wa siku yenyewe. Ijumaa jioni familia hula pamoja na wageni. Asubuhi huwa mahubiri na maombi. Mchana hukaa kujifunza Maandiko na kuulizana maswali. Usiku unapoingia Sabato hufungwa, na hapo ndipo kazi huanza. Hilo ndilo ninalotaka tulione. Myahudi anayeishika sana Sabato haandiki siku hiyo, hagusi fedha, haendeshi gari. Hawezi kupokea michango, hawezi kusaini fomu, hawezi kumsafirisha mtu. Kwa hiyo kama anataka Sabato izae tendo, inambidi alipange tangu Ijumaa na kulitekeleza baada ya siku kufungwa. Mwaka 2021, Waafghani walipowasili Marekani kwa maelfu, HIAS ilianzisha vikundi vya kujitolea, vingi vikitoka katika masinagogi. Kila kikundi kilibeba familia moja kwa miezi kadhaa: nyumba, shule ya watoto, hospitali, kazi. Kikundi kidogo, familia moja, muda unaojulikana.

Kazi hiyo imewagharimu. Jumamosi ya 27 Oktoba 2018, juma moja tu baada ya Sabato ile ya kwanza, mtu mwenye silaha aliingia sinagogi la Tree of Life mjini Pittsburgh akaua watu 11. Kabla ya hapo alikuwa ameandika maneno ya chuki dhidi ya HIAS. Moja ya jumuiya zilizoabudu katika jengo hilo, Dor Hadash, ilikuwa imeshiriki Sabato ya wakimbizi. Fungu la asubuhi hiyo lilianza na Mwanzo 18, Ibrahimu akiwakaribisha wageni watatu hemani. Pamoja na hayo, Sabato ya wakimbizi imeendelea miaka iliyofuata.

Na tusidhani Wayahudi walioishika Sabato kwa gharama wako Marekani tu. Mbale, Uganda, wapo Abayudaya, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Idi Amin aliwapiga marufuku, wakaishika Sabato kwa siri.

5. Ratiba ya Sabato moja hapa Mara

Ijumaa ni siku ya maandalio, na maandalio ya Sabato hii yaanze kwa barua na simu. Mzee wa kanisa awasiliane na nyumba salama au ofisi ya ustawi wa jamii, aulize kinachohitajika, kisha kanisa lilete hicho. Kule wanajua kama kilichopungua ni unga, taulo za kike, madaftari au nauli ya mtoto kurudi shule. Michango ikusanywe na kupelekwa Ijumaa kabla jua halijazama, ili Sabato isiwe siku ya kuhesabu magunia.

Kufungua Sabato kufanyike nyumbani. Familia chache zilizochaguliwa kwa uangalifu, kwa makubaliano na walezi wa nyumba salama, ziandae ugali wa udaga, sato au dagaa na mboga, ziimbe, zisome, zile. Mgeni akitaka kuosha vyombo, aoshe. Akitaka kunyamaza, anyamaze. Mama mwenye nyumba asiulize, "Ilikuwaje mwanangu?" Akikaribishwa kama ndugu, siku atakapotaka kusema atasema mwenyewe.

Shule ya Sabato na ibada kuu zichukue Yoshua 20, miji sita ya makimbilio. Ile miji iliwekwa kwa ajili ya aliyeua bila kukusudia, lakini utaratibu wake unatufaa. Aliyekimbia alisimama langoni, wazee wa mji wakamsikiliza, wakampa mahali pa kukaa, wakakataa kumkabidhi kwa anayemfuata mpaka shauri lake liamuliwe. Mhubiri aonyeshe kwamba lango la leo ni Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na afisa ustawi wa jamii, na kwamba mzee wa kanisa ni mmojawapo wa wazee wanaotakiwa kusikiliza kwanza.

Mchana, badala ya ushuhuda wa mtoto, afike afisa wa Dawati au mlezi kutoka nyumba salama awafundishe wazazi: dalili za binti aliye hatarini, namba ya kupiga, nini cha kufanya akigonga mlango saa saba za usiku. Wanaume wakae mbele. Suala hili huamuliwa na baba, mjomba na wazee wa mila, na tukiwaachia mama zetu wa Dorkasi peke yao tumelipeleka kwa wasio na kauli ya mwisho.

Sabato ikishafungwa, kila kikundi cha kanisa kitaje jina la atakayefanya kazi Jumapili na kazi yenyewe.

6. Jumapili

Kazi ya kwanza ni ya vijana. Tangu 2015 mradi wa Crowd2Map umewakusanya watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi wachore ramani za vijiji vya Tanzania, na Hope imezitumia kuwafikia mabinti usiku katika vijiji ambavyo havikuwa na ramani ya maana. Picha ya setilaiti inaonyesha paa na njia, lakini haijui kitongoji hiki kinaitwaje wala zahanati iko wapi. Kijana wa Bunda mwenye simu anajua. Watafuta Njia, chama cha watoto na vijana wetu, hujifunza kusoma ramani, hapa wataichora.

Kazi ya pili ni mafunzo. Fundi cherehani, fundi umeme au mwalimu wa hesabu ndani ya kanisa anaweza kutoa saa mbili kila Jumapili. Kikundi cha watu watano kimbebe binti mmoja mpaka amalize kidato au ufundi wake, na michango yote ipite kwa walezi wake.

Kazi ya tatu ndiyo ngumu: kurudi nyumbani. Nyumba salama hazikusudii kuwaweka mabinti milele. Walezi huzungumza na wazazi, na wazazi hutia saini ahadi ya kutomkeketa mbele ya polisi na ustawi wa jamii kabla binti hajarejeshwa. Baada ya hapo nani ataangalia kama ahadi inatimizwa? Gari la shirika haliwezi kufika kila juma. Lakini kanisa lipo kijijini, na mzee wake anakutana na baba huyo gulioni. Akimtembelea kila mwezi, akampa mkono, akauliza habari za binti, ahadi inakuwa na shahidi wa karibu.

7. Tahadhari

Usitaje jina la mtoto wala kijiji chake katika matangazo. Usimpige picha, hata kwa taarifa ya konferensi. Benchi la tatu anaweza kukaa shangazi wa binamu yake, na kabla jua halijazama nyumbani wamekwisha kujua aliko.

Usimfiche mtoto nyumbani kwako kwa huruma bila kutoa taarifa. Ukifanya hivyo unaweza kushitakiwa wewe, na yeye ukamwacha bila ulinzi. Raia wa nje anayeomba hifadhi naye aelekezwe kwa mamlaka za serikali.

Na usimbatize kwa sababu ya mkate. Binti wa Kikatoliki, Kimenoni au asiye na dini apate chakula kilekile na kiti kilekile.

8. Mapendekezo

Napendekeza semina hii iazimie mambo manne.

Kwanza, kila kanisa mahalia litenge Sabato mbili kwa mwaka: moja karibu na 16 na 20 Juni, zinapoadhimishwa Siku ya Mtoto wa Afrika na Siku ya Wakimbizi Duniani, na nyingine mwisho wa Novemba, kabla shule hazijafungwa na msimu haujaanza.

Pili, kila mtaa wa kichungaji uchague wazee wawili, mwanamume na mwanamke, ambao namba zao zitakuwa kwa Dawati la polisi, na ambao watapokea simu usiku.

Tatu, kila kanisa lianze na kikundi kimoja cha watu watano na binti mmoja. Likiongeza, liongeze baada ya mwaka.

Nne, taarifa ya robo mwaka isiishie kwenye idadi ya waliohudhuria Sabato hizo. Ioneshe kazi zilizotajwa jioni ile, nani alizichukua, na zipi zimekamilika.

Naomba wenyeviti wa vikundi vya majadiliano waanze na pendekezo la pili, kwa sababu Novemba iko karibu na hizo namba za simu zinaweza kutolewa hapa hapa leo kabla hatujatawanyika.