Mtu Hubadili Nia Mbele ya Nani?



Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ya Marekani ilitaka raia waliobaki nyumbani wazoee kula moyo wa ng'ombe, figo na viungo vingine vya ndani. Kwetu figo hugombaniwa. Kwa akina mama wengi wa huko zilikuwa kinyaa. Kazi ya kutafuta namna ya kuwashawishi ilimfikia Kurt Lewin, mwanasaikolojia Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1933 na ambaye sasa alikuwa Chuo Kikuu cha Iowa.

Lewin alichukua makundi sita ya akina mama. Matatu yalipewa mhadhara wa kuvutia: vitamini na madini, wajibu kwa nchi iliyo vitani, hata mapishi yaliyochapwa. Matatu mengine yaliulizwa ni nini kinachowakwaza akina mama kama wao. Mume atasusa? Harufu jikoni? Walizungumza, na mtaalamu akatoa maelezo pale tu walipoyahitaji. Mwishoni waliombwa kunyoosha mikono: nani atajaribu wiki ijayo? Muda ulikuwa uleule, takriban dakika 45. Walipofuatiliwa, kati ya waliohutubiwa ni asilimia 3 tu waliokuwa wamepika nyama ambayo hawakuwahi kuipika. Kati ya waliojadiliana, asilimia 32.

Sisi wahadhiri tunaoishi kwa kuhutubia hatuna budi kuutazama vizuri ushahidi huu. Waliohutubiwa hawakukosa maarifa. Walichokosa ni kuwaona wenzao wakisogea. Kwa maelezo ya Lewin, mtu huogopa kuachana na desturi ya kundi lake, hivyo ukimsukuma peke yake atarudi alipokuwa. Kundi likisogea, hofu hiyo hukosa pa kushika.

Je, siri ilikuwa mazungumzo yenyewe? Mwaka 1955 mtafiti Edith Bennett alizitenganisha sehemu za jaribio hilo, safari hii kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Mjadala peke yake haukuleta tofauti kubwa, wala kunyoosha mkono hadharani. Yaliyokuwa na uzito ni mawili: kutakiwa kuamua, na kuamini kwamba karibu wote waliopo wamekubali. Kwangu mimi hili ndilo tokeo zito kuliko lile la kwanza, ingawa halitajwi sana.

Hapa kwetu bado tunahutubia tu. Asubuhi katika kliniki zetu za mama na mtoto, muuguzi huwaelimisha kina mama waliokaa kwenye mabenchi, kisha huuliza, “Kuna swali?” Kimya. Halafu majina huanza kuitwa. Naomba wizara ya afya na vyuo vinavyowaandaa wauguzi waongeze pale dakika chache: kina mama waelezane nini kinawazuia nyumbani, kisha kila mmoja aulizwe ataanza lini kufuata aliyoelimishwa, wenzake wakimsikia.