Injini Ndogo Isiyotaka Betri

Kabla sijaanza, namwomba mmoja wenu achukue pampu ya baiskeli. Aizibe tundu yake kwa kidole, kisha asukume kwa nguvu mara nyingi. Sasa mguse upande wa chini wa pampu. Una joto, sivyo? Hakuna aliyewasha moto. Hewa iliyobanwa ndiyo iliyoleta joto. Jambo hilo ndilo msingi wa somo letu.

Katika Ulaya na Marekani wako watu, wakubwa kwa wadogo, wanaorusha eropleni ndogo za mchezo zenye injini za kweli. Injini nyingine hutosha katika kiganja cha mkono. Mwaka 1947 Mmarekani Ray Arden alianza kuuza plagi yenye waya mwembamba wa platini. Waya huo hupashwa moto kwa betri wakati wa kuwasha injini. Injini ikisha kuwaka, betri huondolewa, na waya hukaa mwekundu wenyewe, kwa kuwa mvuke wa methanoli ukigusa platini hutoa joto.

Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Hubana hewa mpaka joto lake liwashe mafuta. Jina lake limetokana na Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifaulu mwaka 1897.

Je, yawezekana kuigeuza injini ya plagi iwe ya dizeli? Ndiyo. Mambo ya kubadili ni matatu.

Kwanza, kifuniko cha silinda. Fundi huondoa kile chenye plagi, akaweka kingine. Ndani ya hiki kipya mna kipande kinachoshuka na kupanda kwa skrubu. Ukikaza skrubu, nafasi hupungua na hewa hubanwa zaidi. Ukilegeza, hubanwa kidogo.

Pili, mafuta. Dizeli ya lori peke yake haifai, maana silinda ndogo hupoteza joto upesi. Mchanganyiko wa kawaida ni sehemu moja ya etha, moja ya mafuta ya taa, na moja ya mafuta ya mbarika. Etha huwaka upesi, hata kwa joto lisilofika digrii 200 za Sentigredi, nayo huanzisha moto. Mafuta ya taa hutoa nguvu. Mbarika hulainisha vyuma.

Tatu, kabureta. Ratili moja ya methanoli hutaka ratili 6 hivi za hewa. Ratili moja ya mafuta ya taa hutaka 15 hivi. Kwa hiyo dizeli hunywa mafuta machache, na sindano ya kabureta hufungwa zaidi. Tena injini huweza kuzungusha rafadha kubwa zaidi, yaani lile panga la mbele linalovuta eropleni.

Sasa sikilizeni kwa makini. Hewa hubanwa, lakini mafuta hayabanwi. Yakijaa katika silinda, na mtu akazungusha rafadha kwa nguvu, fimbo inayoshika pistoni hupinda, na injini imekufa. Fundi mwenye busara huzungusha polepole kwanza. Akiona pamekwama, hulegeza skrubu na kuyamwaga mafuta.

Hatari nyingine ni kubwa zaidi, kwani chuma chaweza kununuliwa tena, mtu hanunuliwi. Mvuke wa etha ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini mpaka kwenye taa au jiko, kisha huwaka ghafula. Nayo methanoli hunuka kama pombe, lakini ni sumu. Hupofusha macho na kuua. Chupa mbili zaweza kufanana kama mapacha. Karatasi iliyobandikwa ndiyo inayozitenga, na mwenye kujua kusoma ndiye anayeokoka na kuwaokoa wenziwe.

Maswali ya kujibu katika daftari:
1. Kwa nini pampu ilipata joto?
2. Etha hufanya kazi gani?
3. Kwa nini fundi huzungusha rafadha polepole kwanza?

Kwaherini mpaka somo lijalo.