Kiti cha Gavana, Mkoba wa Bunge: Mgogoro wa Makueni, 2013–2015

Mgogoro wa serikali na bunge la Kaunti ya Makueni ulianzia kwenye bajeti. Bunge lilidai fungu kubwa zaidi kwa matumizi yake, Gavana Kivutha Kibwana akakataa, na shughuli za kaunti zikakwama. Tarehe 23 Septemba 2014 risasi zilifyatuliwa katika uwanja wa bunge mjini Wote, na watu kadhaa wakajeruhiwa.

Maelezo yaliyozagaa tangu hapo ni ya tabia: eti profesa mwenye kiburi aligongana na wawakilishi wadi wenye tamaa. Maelezo haya hayasimami. Kibwana ni mtaalamu wa sheria ambaye katika miaka ya 1990 alikuwa mstari wa mbele kudai madaraka ya rais yapunguzwe. Si mtu wa kudhaniwa kuwa adui wa mabunge. Tena, mgogoro haukuwa wa Makueni pekee. Katika Kaunti ya Embu, bunge lilipiga kura ya kumng'oa Gavana Martin Wambora mwaka 2014. Katika Kaunti ya Kitui, jirani wa Makueni, bunge lilianza harakati za kumng'oa Gavana Charity Ngilu mwaka 2020 hadi mahakama ikaingilia. Kama tabia ndiyo chanzo, ilikuwaje watu wa tabia mbalimbali kiasi hicho wagombane vilevile? Kilichofanana ni muundo: mmoja anatumia fedha, mwingine anaziidhinisha, na wote wawili wamechaguliwa na wananchi walewale.

Mfalme Charles I wa Uingereza naye husimuliwa kwa tabia yake, hasa ukaidi. Lakini alitawala bila Bunge tangu 1629 hadi 1640, na ni vita na Waskoti vilivyomlazimu kuliita, kwa kuwa hazina ilikuwa tupu. Tarehe 4 Januari 1642 aliingia Bungeni na askari kuwakamata wabunge watano, akakuta wametoroka. Mwezi Agosti alipandisha bendera ya vita Nottingham. Hapakuwa na mtu wa tatu aliyekubaliwa na pande zote mbili kuamua.

Kenya iliweka mwamuzi huyo katika Ibara ya 192 ya Katiba ya 2010, ibara inayostahili kusomwa neno kwa neno. Rais anaweza kusimamisha serikali ya kaunti kukiwa na vita au mzozo wa ndani, au hali nyingine isiyo ya kawaida. Katika hali hii ya pili, sharti tume huru ichunguze, Rais aridhike na Seneti iidhinishe. Usimamishaji hauzidi siku 90, kisha uchaguzi hufanyika. Sheria ya Serikali za Kaunti inataka ombi la wananchi liwe na sahihi za angalau asilimia 10 ya wapigakura waliosajiliwa.

Inaweza kupingwa kwamba Kibwana mwenyewe aliunga mkono ombi la kusimamisha serikali ya Makueni, kama mfalme anayetaka kulivunja bunge. Pingamizi hili ni zito. Hata hivyo Charles alilivunja Bunge akabaki na kiti chake. Chini ya Ibara ya 192, gavana huanguka pamoja na wawakilishi. Katika baraza moja la Mbooni, Makueni, alilohudhuria mtoa mhadhara huu, mzee mmoja aliwauliza waliokuwapo kwa nini wagombanao waachiwe kuamua nani abaki. Ibara hii imemjibu: hawaachiwi.

Tume iliyochunguza Makueni, ikiongozwa na wakili Mohammed Nyaoga, ilipendekeza serikali ya kaunti isimamishwe. Mnamo Septemba 2015 Rais Uhuru Kenyatta alikataa, na uamuzi ukasubiri uchaguzi wa Agosti 2017, ambapo Kibwana alirudishwa na wawakilishi wengi wa awamu ya kwanza wakaachwa nje.