Ukimya Si Oda: Ankara za Majarida Ambayo Maktaba Haikuyaagiza



Mada hii nimeichagua kwa sababu ya kauli niliyoisikia kikaoni, tena kutoka kwa mtu ninayemheshimu: ankara ya jarida tusiloliagiza ilipwe tu, maana nakala imeshafika, kiasi ni kidogo, na elimu haina hasara. Kauli hiyo ndiyo nimekuja kuivunja.

Kwanza huo udogo wa kiasi. Kitabu hulipiwa mara moja, kikaisha. Jarida hurudi kila mwaka, na malipo ya kwanza ndiyo yanayolipatia uenyeji. Mhasibu wa mwakani hataitafuta oda. Atafungua faili, ataona tulilipa, naye atalipa. Wanaotuma ankara hizi wanalijua hilo, ndiyo maana huandika juu kabisa kwamba tunahuisha usajili, kana kwamba tuliwahi kuuanza.

Pili, eti nakala ikifika deni limefika. Hapa mniruhusu nikae na kesi niipendayo kuliko zote: Felthouse dhidi ya Bindley, Uingereza, 1862. Paul Felthouse alitaka kumnunua farasi wa John, mtoto wa nduguye. Bei ikawachanganya: mmoja alidhani ni pauni 30, mwingine gini 30. Ami mtu akaandika barua kwamba wagawane tofauti, iwe pauni 30 na shilingi 15, na asiposikia neno zaidi atamhesabu farasi kuwa wake. John hakujibu. Alimwambia dalali, Bindley, asimnadi farasi yule. Dalali akasahau, akamuuza. Ami akamshtaki dalali, akashindwa, kwa kuwa hakuwa na haki ya kumfunga mtu kwa ukimya wake. Na tazameni uzito wake: kijana yule alitaka kweli kumuuzia! Ikiwa ukimya wa aliyeridhika moyoni haukufunga mkataba, wa maktaba isiyolijua hata jina la jarida utaufungaje? Marekani walikwenda mbali zaidi: sheria yao ya posta ya 1970 inamruhusu mpokeaji kuhesabu kitu alichotumiwa bila kukiomba kuwa zawadi, na inakataza kumtumia ankara yake.

Lakini tusijidanganye kwamba kunyamaza kunatosha. Sheria yetu ya Mikataba hapa Tanzania, Sura ya 345, iliyofuata ile ya India ya 1872, inamtaka anayefaidi kitu alicholetewa bila nia ya kupewa bure akilipe au akirudishe. Neno zito hapo ni kufaidi.

Nililijifunza nikiwa karani wa majarida. Asubuhi moja nilifungua bahasha, nikagonga muhuri wa zambarau kwenye jalada na ukurasa wa ndani, nikaliweka jarida rafuni. Ankara ilipofika miezi kadhaa baadaye, nakala ilikuwa imelegea kwa kusomwa. Tungerudisha nini? Tulilipa. Mkutubi wangu hakunigombeza. Alinipeleka kwenye kabati la kadi, akavuta trei, akapitisha kidole herufi kwa herufi mpaka mahali ambapo kadi ya jarida lile ingekaa lau tungeliagiza. Haikuwepo. "Pasipo kadi, mwanangu, hapana muhuri," akaniambia.

Wenzangu husema siku hizi programu inalinganisha ISSN, namba ya tarakimu nane ya kulitambulisha jarida, na majarida mengi hayana karatasi ya kugongwa. Ni kweli, na namba hiyo inasaidia sana pale jina la jarida geni linapofanana na la jarida maarufu. Hata hivyo programu hupokea alichokubali karani. Kwa hiyo nashikilia nililofundishwa: muhuri ukae ndani ya kabati la kadi, anayeutaka apite kwenye oda kwanza.

Jarida lisilo na oda liwekwe kando, safi, huku tukiuliza idara, tukikagua faili la zawadi na la uanachama. Tusipopata kitu, barua iende wiki hiyohiyo: hatukuagiza, nakala yenu ipo haijaguswa, ichukueni kwa gharama zenu, msitume nyingine. Nakala ya barua hiyo ibanwe pamoja na ankara, kwenye faili lilelile atakalolifungua mhasibu wa mwakani.